Matangazo na Maisha Yetu, Sehemu ya Tano: Mkebe Uliogeuka Pishi

Tarehe 29 Aprili mwaka 2025, Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari nchini Kenya kwa siku 30. Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wasomaji wananiambia, "Mwalimu, si ulisema mfululizo huu ni wa matangazo? Basi tuambie kuhusu beti." Nitawaambia. Lakini kamari haikubuni ujanja wake, iliurithi, na anayetaka kumjua aliyeurithisha na aje kwanza soko la Makongeni atazame mkebe.

Makongeni, kwa wasomaji wa mbali, ni mtaa wa wachapakazi hapa Thika. Tunauhesabu kwa fezi, yaani awamu, na jina lake bado lina mkonge ndani ingawa mkonge wenyewe siuoni tena popote. Sokoni mahindi na maharagwe hayauzwi kwa mizani. Yanauzwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Mkebe ule ulikuja dukani ukiwa na rangi na jina lake, mafuta yakaisha, jina likafutika kwa kushikwashikwa, ukabaki kuwa kipimo. Babu zetu wa pwani walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Sisi wa bara tulipewa pishi yetu na kampuni ya mafuta, na hakuna aliyetuuliza. Leo hata magazeti yakitaka kueleza ukali wa njaa huandika bei ya gorogoro, na msomaji wa Busia na wa Thika huelewa sawasawa.

Najua Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, haiutambui mkebe huo. Najua pia kuna wachuuzi wanaougonga kitako uingie ndani, ili ujae upesi kwa punje chache. Nimewahi kupimiwa hivyo mwenyewe, nikafika nyumbani na maharagwe yasiyotosha mlo wa pili. Kuanzia siku hiyo hununua kwa mkebe wangu, ambao nimeuhifadhi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mke wangu huutilia vifungo na sindano, na kila Jumamosi tunagombana kidogo ninapoumwaga mezani.

Ni mkebe wa Kimbo. Kimbo, pamoja na ndugu zake Cowboy na Blue Band, ilitengenezwa na East Africa Industries, kampuni ambayo baadaye ilichukua jina la Unilever. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kimbo na Cowboy ziliuzwa kwa Bidco, ambao kiwanda chao kipo papa hapa Thika. Hivyo jina lililotufikia kutoka Nairobi kwa redio likaja kuwa jirani yetu. Kule Githurai, upande wa Ruiru, kuna mtaa uitwao Kimbo vilevile, na makanga huuita kutwa bila yeyote kuwazia chapati.

Lakini jina haliingii midomoni kwa bahati. Hapa naomba nipewe nafasi, maana ndipo penye utamu.

Miaka ya 1950 aliishi Nairobi Mwingereza aitwaye Peter Colmore, mtu wa tamasha na matangazo. Yeye alielewa jambo ambalo wengi wa rika lake hawakulielewa: Mwafrika hatanunua kitu kwa kufokewa kwa Kiswahili cha bwana shamba, bali atakinunua akiimbiwa na mtu anayempenda. Akamleta Edouard Masengo kutoka Katanga, kijana wa gitaa aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao, akamfanya nyota wa jukwaa na sauti ya matangazo. Binamu yake, Mwenda Jean-Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikuwa amemrekodi mwaka 1952, naye alikaa Nairobi kwa muda akawa na kipindi chake cha redio. Wapiga gitaa wetu wa Kenya walijifunza kwa wawili hao ule mtindo wa kudonoa nyuzi kwa vidole. Fikiria jambo hilo, msomaji. Shule moja kubwa ya muziki wetu wa zilipendwa ilisimama bega kwa bega na biashara ya matangazo, na hatuoni haya kuucheza muziki huo harusini. Wala hatuna sababu ya kuona haya.

Mimi mwenyewe nilifikiwa na gari la sinema. Lilikuja jioni, likasimama uwanjani, shuka jeupe likatandazwa, na sisi watoto tukakaa chini hata kabla ya mashine kuwashwa. Kwanza sabuni. Kisha mafuta. Kisha, tukiwa tumechoka kuvumilia, Charlie Chaplin na fimbo yake. Sikumbuki hata kisa kimoja cha Chaplin kwa ukamilifu, ila yule mama aliyekuwa akitabasamu akifungua mkebe namkumbuka hadi leo, na pete aliyovaa.

Katika sehemu ya pili nilieleza jinsi sabuni ya Pears ilivyouchukua mchoro wa John Everett Millais, wa mtoto anayepuliza mapovu, ikauongezea kipande cha sabuni. Colmore na gari la sinema walifanya kazi hiyohiyo. Walichukua kitu tunachokipenda, wakakiongezea kipande cha sabuni. Tofauti ni kwamba Waingereza walibishana sana kuhusu mchoro wao. Sisi tulifua tu.

Matokeo yake yamo vinywani mwetu. Mama humtuma mtoto dukani akanunue "Omo ya Ariel" na "Colgate ya Aquafresh", na mwenye duka haulizi swali. Doa jeupe kwenye shati ni la Jik hata kama chupa ilikuwa na jina jingine. Kiatu hupakwa Kiwi, jina la ndege wa New Zealand asiyeruka. Katika Barabara ya Thika abiria wanashuka Allsops, jina la bia. Na tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 hakuna bango la sigara barabarani, lakini simama kwenye kibanda chochote cha Makongeni usikie anayeomba "Sports moja". Bango linaweza kung'olewa, lakini jina likishaota mdomoni halina pa kushikwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, na kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi mmoja mjeuri aliyeuliza, "Kwa nini basi Coca-Cola inajitembeza?" Sikuwahi kumjibu vizuri. Sasa naona jibu. Wahenga walizungumzia soko ambamo mnunuzi anamjua muuzaji na mama yake. Hata kanga ya Mombasa, ile yenye alama ya "Mali ya Abdulla" niliyoieleza sehemu ya tatu, ilikuwa na Abdulla wake, na mteja aliyeuziwa nguo mbovu alijua mlango wa kugonga. Nani atagonga mlango wa Kimbo?

Hata hivyo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaolia kwamba majina ya kigeni yameharibu Kiswahili, mimi sina ugomvi na Omo. Omo ilikuja kama mgeni. Ilikuwa na jina geni, ikabisha hodi, tukaijua kuwa ni bidhaa. Tulipoichoka tuliibakiza kama neno, nayo sasa inatutumikia sisi. Mkebe wangu ni vivyo hivyo: kampuni iliuleta, sisi tukaufanya pishi. Katika biashara hiyo lugha yetu ilipata faida.

Kamari imegeuza biashara hiyo kichwa chini miguu juu. Haiji na jina geni. Inachukua letu. Tazama SportPesa: pesa yetu imeshonewa kwenye michezo, na mwaka 2017 jina hilo lilikaa kifuani mwa jezi za Everton, timu ya jiji la Liverpool, wakaja nalo hadi Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Tazama Betika. Hiyo, wanafunzi wangu wa zamani, ni kauli ya kutendeka! Mlango hufunguka, njia hupitika, nawe unabetika, yaani jambo linakutokea lenyewe, hukulitenda. Aliyebuni jina hilo angepata alama zote katika darasa langu la sarufi, kisha ningemwita ofisini.

Halafu kuna mkeka. Kijana akipanga mechi zake kumi kwenye simu, huo ni mkeka. Timu moja ikiteleza, mkeka umechanika. Sisi tulilelewa juu ya mkeka: mgeni hutandikiwa, mwanazuoni huketi juu yake, msiba hukaliwa hapo. Ni vijana wenyewe waliolitoa neno hilo, bure, na kila wanapolitamka wanatangaza.

Kuhusu siku 30 zenyewe, basi, nina machache. Bodi ilifanya vyema, na ningependa zingekuwa 300. Redio ilipaswa kunyamaza, watoto watazame taarifa ya habari bila kuahidiwa mamilioni. Lakini bodi haikuwa na leseni ya kumnyang'anya mtu neno, na siku ya thelathini na moja ilipofika, maneno yalikuwa yamekaa palepale yakisubiri.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na mkebe wangu kwa mama ninayenunua kwake maharagwe. Ni mtu wa makamo, hutandika mkeka wa plastiki kando ya magunia na kukaa hapo tangu alfajiri. Mwanawe wa mwisho, aliyemaliza shule juzi, alikuwa amesimama nyuma yake akitazama simu. Mara akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mathe, mkeka umechanika."

Mama aliacha kupima. Akainuka nusu, akaupapasa mkeka aliokalia, ukingo hadi ukingo, akatafuta upande wa pili.

"Umechanika wapi?" akamuuliza. "Nimeununua juzi."