Kelele za feni ya kompyuta: safisha kwanza, kisha punguza kasi

KILA ifikapo Machi, joto la mchana katika kisiwa cha Mombasa hufika takriban nyuzi 32 za Selsiasi, na feni za kompyuta za mezani katika maduka ya Mji wa Kale huvuma zaidi.

Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuondoa joto kwa kupitisha hewa ya chumbani, na hewa hiyo ikiwa ya moto, hulazimika kuzunguka kwa kasi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, kompyuta hujipunguzia kasi na hatimaye hujizima, na kazi ambayo haikuhifadhiwa hupotea.

Vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi kutoka baharini huganda kwenye feni na kuziba njia ya hewa. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kuchomoa waya wa umeme na kusafisha kwa brashi laini, feni ikishikwa isizunguke.

Baada ya hapo, feni yenye nyaya 4 inaweza kupangiwa kasi kupitia mipangilio ya BIOS, ili iongezeke tu joto linapopanda. Feni pana nayo husaidia: ya milimita 120 hupitisha hewa sawa na ya milimita 80 kwa mizunguko michache, hivyo kelele hupungua.

Baada ya kupunguza kasi, joto la prosesa lapaswa kupimwa saa nane mchana wala si alfajiri, kwani kasi inayotosha usiku huenda isitoshe jua likiwa kali.