Mbao za Njombe Zinarudi au Zinaisha?

Wachezaji wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft wana kanuni kali: mali haiishi ikiwa unaweza kuizalisha tena na tena bila kukanyaga ardhi mpya. Almasi inafeli hapo. Ukimaliza iliyo karibu, huna budi kusonga mbele kutafuta nyingine. Mti unafaulu, kwa kuwa kila jani la mwaloni linapopukutika lina nafasi ya asilimia 5 ya kudondosha mche.

Naipenda kanuni hiyo kwa sababu haijali kitu ni cha aina gani. Inataka kujua kinarudi kwa njia ipi. Tuipeleke Makambako, ambako malori ya mbao kutoka Njombe huingia barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma.

Kati ya miti ya huko, muwati unafaulu kwa kiburi. Ukichunwa magome hufa, lakini mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi, na moto ukipita huamka kwa wingi hadi kuwa kero. Kampuni ya TANWAT, iliyoanza Njombe mwaka 1949, ilijengwa juu ya magome hayo, yanayotoa dawa ya kusindikia ngozi. Tangu 1995 kuni na mabaki ya misitu yake yanaendesha mtambo wa umeme wa megawati 2.5. Mlingoti nao huchipua kisikini; unapunguza machipukizi na kungoja nguzo nyingine.

Mpaini, ambao ndio mbao zenyewe, hauna hisani hiyo. Ukikatwa, kisiki kinakufa. Kurudi kwake kunategemea kitalu, jembe na subira ya mwenye shamba, na subira ndiyo adimu. Wataalamu hushauri mpaini wa mbao ufikishe kama miaka 18, lakini ada ya shule haingoji, hivyo miti ya miaka tisa au kumi inaishia kwenye mashine za kupasulia mbao ziitwazo ding dong. Mbao changa hupinda juani, bei inashuka, na mkulima anakata eneo kubwa zaidi kupata fedha ileile.

Tena kuna jambo ambalo mchezo unalificha. Mti wa Minecraft hukomaa kwa dakika na haunywi kijito cha mtu. Mlingoti uliopandwa kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, unakunywa, na anayeishi bondeni ndiye anayelipa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazohatarisha chanzo cha maji ndani ya mita 60, ila miti mingi haijaisoma.

Kwa hiyo mbao zikivunwa changa, kijito kikikauka na kila msimu kipande kipya cha msitu wa asili kikafyekwa, mpaini wetu uko upande wa almasi. Wewe mwenye shamba, kabla hujashikana mkono na dalali, pita kwanza kitaluni uulize bei ya miche, na uitoe kwenye fedha atakazokupa.