Dawa ya magugu na kuvu wanaolisha mizizi

Katika familia nyingi za parokia zetu za vijijini, bomba la kunyunyizia dawa limechukua nafasi ya jembe. Hatumlaumu mama mjane aliyechoka kupalilia ekari mbili peke yake. Dawa ya magugu imempunguzia kazi kweli. Hata hivyo ni vema kufahamu yanayotendeka udongoni, mahali ambapo jicho halifiki.

Mizizi ya mahindi, maharage, mihogo, migomba na kahawa haifanyi kazi peke yake. Huishi pamoja na kuvu wadogo waitwao maikoriza, ambao hupenya ndani ya mzizi na kutandaza udongoni nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo huleta maji na hasa fosforasi. Mmea nao huwapa kuvu sukari uliyoitengeneza kwa mwanga wa jua. Mhogo huwategemea mno: katika ardhi iliyochoka, bila wao hudumaa.

Glaifoseti, kiuagugu kilichoingia sokoni mwaka 1974, huziba njia ambayo mimea huitumia kutengeneza baadhi ya viini vya protini. Wanyama hawana njia hiyo, kuvu wanayo. Majaribio kadhaa yameonyesha spora za kuvu zikipoteza uhai pale dawa ilipoufikia udongo. Lakini ukweli usemwe: mashambani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, matokeo yametofautiana, na mara nyingi madhara ya moja kwa moja yamekuwa madogo.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni njaa. Kuvu hawa hupata chakula kutoka kwenye mzizi ulio hai tu. Shamba likipuliziwa na kuachwa tupu miezi mingi, wao hupungua. Wakulima wa nafaka wa Queensland, Australia, waliyaona hayo: mazao yaliyofuata baada ya ardhi kukaa tupu muda mrefu yalidumaa kwa kukosa fosforasi na zinki. Kwetu, mkulima huona majani ya mahindi machanga yakigeuka zambarau, akakimbilia kukopa fedha za mbolea. (Jembe nalo hukata nyuzi hizo, wala halina haki ya kujisifu.)

Waraka Laudato Si’ wa Papa Fransisko, wa mwaka 2015, unapotaja viumbe wanaotegemeza uhai, hauwasahau kuvu. Anayelazimika kupulizia na azingatie kipimo, kisha apande kunde au fiwi kati ya mistari ya mahindi, ili mavuno yakiisha pabaki mzizi ulio hai. Kabichi na sukuma wiki hazifai kwa kazi hiyo, kwani jamii yake haiwapokei kuvu hao.