Rupia za Mjerumani: Kutambua Bandia Kabla ya Kulipa

Si ajabu rupia ya Mjerumani kukutwa katika sanduku la mzee wa Lipangalala. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kodi ya serikali ya Kijerumani ililipwa kwa sarafu hiyo, na familia nyingi zilihifadhi chache. Ukweli huo ndio unaowapa matapeli nafasi. Mpunga ukishauzwa, si vigumu kumpata mtu wa kumwonyesha sarafu moja na kumsimulia habari za tajiri wa mbali atakayeinunua kwa mamilioni.

Hesabu ndiyo kinga ya kwanza. Rupia moja halali ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 kati ya 1,000 ni madini ya fedha. Ndani yake, basi, mna gramu 10.7 hivi za fedha safi. Mnunuzi amwulize sonara bei ya gramu kwa siku hiyo, kisha azidishe. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa sarafu isiyochakaa au ya mwaka adimu, lakini rupia ya kawaida, hata iwe halali kabisa, haifikii mamilioni.

Upande mmoja una sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai, pamoja na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili, sarafu za 1890 hadi 1902 zina simba na mnazi. Za 1904 hadi 1914 zina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na herufi ndogo A au J ya kiwanda. Rupia ya fedha yenye mwaka 1903, au mwaka wowote baada ya 1914, ikataliwe papo hapo.

Sumaku husaidia nusu tu. Sarafu ikinaswa, si fedha; isiponaswa, bado yaweza kuwa shaba au risasi iliyopakwa. Kipimo cha maji ni bora zaidi. Kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani ya sonara na mizani kurudishwa sifuri, kisha sarafu huning'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kikombe. Rupia ya kweli huongeza gramu 1.13 hivi. Ya shaba na nikeli yenye uzito uleule huongeza takriban 1.3. Sarafu isikwaruzwe wala kusuguliwa kwa mchanga, kwani mkwaruzo hupunguza bei yake kwa mkusanyaji.

Dai kwamba rupia huvuta punje za mchele, au kwamba imefichwa zebaki ndani, halina ukweli wowote. Fedha haivuti kitu.

Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba nazo huuzwa kama fedha tupu. Zilizopigwa 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha. Za kuanzia 1948 hazina kabisa.

Ununuzi ufanyike mchana, dukani kwa sonara mwenye leseni, na risiti ionyeshe uzito na aina ya madini. Muuzaji anayekataa sarafu ipimwe, au anayetaka malipo ya awali kwa simu, aripotiwe kwa Mtendaji wa Kata au kituo cha polisi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Aliyekwisha kulipa atunze sarafu hiyo na ujumbe wote wa simu. Ndivyo vielelezo vitakavyohitajika.