Hatari Ikitokea, Tutatokaje?

Tumezoea kuzungumza juu ya malaria na kuhara. Leo tuzungumze juu ya namna watu wanavyokimbia hatari. Hapo pia watu hufa, na vifo vingi vinaweza kuzuilika.

Wengi wetu tukienda Dar es Salaam hufika Kariakoo. Soko kuu la hapo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai, 2021. Je, moto ule ungetokea mchana, soko limejaa watu, ingekuwaje?

Wataalamu hujibu swali hili kwa hesabu. Huhesabu watu, hupima milango, kisha hukadiria muda wa kutoka. Mlango wenye upana wa mita moja hupitisha kadiri ya mtu mmoja kwa sekunde. Watu 600 wakitumia mlango mmoja, watahitaji dakika 10. Wakiwa na milango miwili, watahitaji dakika 5. Basi anayefunga mlango wa pili kwa kufuli, au kuuziba kwa magunia, anawanyima wenzake dakika 5. Moshi hausubiri.

Lakini kuhesabu milango hakutoshi. Wataalamu wameona mambo matatu. Kwanza, watu wengi hawaondoki upesi. Husubiri waone wenzao wanafanya nini. Pili, hukimbilia mlango walioingilia, hata kama mwingine uko karibu. Tatu, hutafuta ndugu zao kwanza.

Usiku wa tarehe 16 Februari, 2011, mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi, Gongo la Mboto. Watu zaidi ya 20 walikufa. Maelfu walikimbia gizani, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Mzazi aliyepotelewa na mtoto hawezi kwenda mbali. Hurudi kule kule kwenye hatari.

Kwa hiyo tupatane mapema mahali pa kukutana. Mimi nilikwenda Kariakoo na dada yangu na mwanawe wa miaka 12. Tulimwambia mtoto: "Tukipotezana, nenda Mnazi Mmoja, kwenye mnara wa Mwenge." Pale ni uwanja wa wazi, na kila mtu anapajua. Mtaa wa Kongo ulikuwa umejaa, tukapotezana kweli. Dada alilia. Tulipofika mnarani, tulimkuta mtoto amekaa anatungoja.

Jambo jingine ni pumzi. Tarehe 21 Machi, 2021, watu 45 walikufa katika msongamano Uwanja wa Uhuru, wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Katika msongamano watu wengi hufa kwa sababu kifua kimebanwa, hewa haiingii. Ukibanwa, fanya hivi:

1. Weka mikono mbele ya kifua, upate nafasi ya kupumua.
2. Usisukume. Usiiname kuokota kitu.
3. Msukumo ukitulia, sogea kidogo kidogo kuelekea pembeni.
4. Mwenzako akianguka, mwinue upesi.

Ukiona moto, piga simu namba 114, Zimamoto.

Sasa jiulize. Shule, msikiti, kanisa au ghala la kijiji chako lina milango mingapi? Ufunguo anao nani? Watoto wako wanajua mahali pa kukutana? Zungumzeni jioni hii, kabla ya kulala.

Mganga Msaidizi Vijijini