Nani Anashika Kipimo? BD za Zamani na Mifuko Yetu

Kisha mukutano wa sendika, siku ya posho, kijana mumoja creuseur alinifwata inje na mufuko wa plastiki chini ya kwapa. Nilifikiri ananiletea jiwe. Hapana. Alitosha kitabu cha zamani, Tintin au Congo. Kifuniko kilikuwa kimeanza kuachana na kurasa, na pembe moja ilikuliwa na panya.

— Papa délégué, hii ilikuwa ya kambo wetu. Tuliipata ndani ya sanduku yake kisha kilio. Niliona ku telefone kama BD moja ya zamani iliuzishwa dola milioni sita. Hii yetu inaweza kuleta ngapi? Mutoto amefukuzwa ku masomo juu ya minerval.

Nilimwambia: mwanangu, mimi najua mambo ya shaba kuliko mambo ya BD. Lakini nilimuahidi kutafuta. Mimi vilevile nilikomea na BD. Baba yangu alikuwa analeta nyumbani Mwana Shaba Junior, gazeti la watoto la kampani, na sisi tulikuwa tunapigania zile kurasa za picha mupaka zinapasuka. Basi niliuliza, nikasoma. Na mambo yenye nilikuta kule, sisi watu wa carrière tunayajua muzuri sana.

Ile milioni sita ni ya kweli

Kijana hakudanganya. Mu mwaka wa 1938, kule Marekani, kulitoka gazeti la BD lenye jina Action Comics, nambari 1. Ni ndani yake Superman alionekana mara ya kwanza. Mutoto alikuwa analinunua kwa senti 10. Mu mwezi wa nne 2024, kopi moja iliuzishwa ku mnada dola milioni 6.

Lakini iko neno moja lenye watu wa telefone hawasemi. Ile kopi ilikuwa imepimwa, na ilipewa pointi 8.5 juu ya 10. Kama kopi ileile ya Superman ingepewa pointi 2, haingeleta hata karibu na ile bei. Kitabu ni kimoja, picha ni zilezile, lakini pointi ndiyo bei. Sisi tunaita vile teneri.

Zamani kule kwao, mwenye duka ndiye alikuwa anapima. Tangu 1970 kuko kitabu cha bei cha Overstreet, chenye kinaonyesha bei ya kila BD kufwatana na hali yake. Ni muzuri, lakini nani anasema hali yake? Unafika na katoni ya BD za utoto wako, mwenye duka anasema: hii imechoka, nitakusaidia tu. Kesho unapita mbele ya dirisha lake, unakuta ileile katoni imeandikwa: karibu mupya. Aliyenunua ndiye aliyeshika kipimo.

Mu mwaka wa 2000 kukatokea kampani yenye jina CGC, kule Florida. Yeye alisema: mimi siuzishi, mimi sinunui, mimi ninapima tu. Unatuma BD yako, watu wake wanaiangalia ukurasa kwa ukurasa, wanaipatia pointi kutoka 0.5 mupaka 10, kisha wanaifunga ndani ya plastiki ngumu na karatasi ya pointi juu yake. Kama kitabu kilitengenezwa, kama kilipakwa rangi ao kilibandikwa, karatasi inakuwa ya zambarau, na kila mutu anajua. Mutu wa mbali anaweza kununua bila kuogopa. Niliposoma ile, nilisema moyoni: ndiyo ile yenye sisi tunaomba kila mwaka!

Subiri kwanza.

Kipimo cha kulipia

Tangu pale, wale wenye kupenda BD wako na malalamiko mengine. Nimeyapanga sawa vile ninapangaka malalamiko ya wafanyakazi.

La kwanza ni bei ya kupima. Kwa kitabu kimoja unalipa makumi ya dola, na kama kitabu chako ni cha bei kubwa, unalipa zaidi, hata kama kazi ya kukiangalia ni ileile. Ongeza posta ya kwenda na ya kurudi, ongeza asiransi. Mu 2021, vitabu vilijaa kule mupaka watu walingoja miezi na miezi. Kisha, ukiuzisha ku eBay, wanakata zaidi ya asilimia 10. Watu wengi wanajikuta wametumia pesa mingi kuliko yenye kitabu kililetea nyumba.

La pili ni zile pointi ndogo. BD za siku hizi, wanunuzi wanataka 9.8. Ukipewa 9.6, umepoteza. Tofauti ni mukunjo mudogo sana ku mugongo wa kitabu, wenye wewe na mimi hatuwezi kuuona. Na watu wanaeleza kama walitosha kitabu ndani ya plastiki, wakakirudisha kupimwa mara ya pili, kikapata pointi ingine. Basi wenye pesa wanacheza: wanakandamiza kitabu na mashini ya moto ili mikunjo itoke, wanarudisha, wanajaribu tena. Mwenye hana pesa anachukua pointi ya kwanza na kunyamaza.

La tatu lilinigusa moyo. Mu 1974 kampani ya Marvel iliweka ndani ya BD zake timbre ndogo, na ikaambia watoto: kateni, mukusanye. Watoto wakakata. Moja ya zile BD ni Hulk nambari 181, yenye Wolverine anaanza kuonekana muzima, na leo ni ya bei kubwa sana. Kama timbre haiko, kitabu kinahesabiwa kama hakitimilike, na bei inaanguka vibaya. Ule mutoto alifanya nini? Alitii tu vile kitabu kilimwambia.

La ine ni wizi. Mwanzoni mwa 2024, CGC yenyewe ilitangaza kama kuko plastiki zenye zilichezewa: kitabu cha pointi za chini kimeingizwa fasi ya kitabu cha pointi za juu. Tuseme ukweli, hata kwetu iko. Jiwe la muzuri juu ya mufuko, udongo wa bure chini. Kila tunapofanya vile, tunamupatia mwenye depo sababu ya kukata teneri ya mufuko wa kesho, hata wa mwenye hakuiba.

Na kile kitabu cha kambo?

Tulikaa chini na kijana, tukaangalia. Tintin au Congo ilianza kutoka mu gazeti la Ubelgiji mu 1930, album ya kwanza ikatoka 1931, ya rangi nyeusi na nyeupe. Ile ya rangi nyingi ni ya 1946. Mu 1931, Tintin anafundisha watoto wetu kama inchi yao ni Ubelgiji. Mu 1946 waliondoa ile, wakaweka somo la hesabu. Yetu ilikuwa na rangi na ilikuwa na hesabu. Kisha tukageuza kitabu: ku mugongo wanaandikaka majina ya album zingine. Tukakuta Tintin et les Picaros, yenye ilitoka 1976. Basi kitabu hakiwezi kuwa cha mbele ya pale. Milioni ilikufia pale pale, na bila kulipa mutu wa kupima.

Kijana alituma picha kwa mununuzi mumoja wa Ulaya. Akajibiwa: hali mbaya, euro 5. Lakini mu tangazo la uleule mununuzi, album ya miaka ileile, yenye kuchoka sawa yetu, alikuwa anaiuzisha euro 25, hali nzuri. Kumupimisha kwingine? Ile pesa ya kupima ingepita bei ya kitabu mara nyingi.

Kijana alicheka kicheko cha uchungu. Akaniambia: Papa, juma lililopita tuligawanya mifuko ya shimo moja, mimi na mwenzangu. Depo yenye nilienda, ile mashini yao ndogo ilisema teneri 2. Kwa mwenzangu, depo ingine, ilisema 3 na zaidi. Shimo ni moja, Papa.

Nilikosa la kumujibu pale pale. Minerval ilitoka ku mchango wetu, si ku Tintin. Lakini tangu ile siku, ku mikutano sisemi tena tu: tunataka mupimaji mwenye hanunui. Ile ni mwanzo, na bado tunaitaka. Watu wa BD wako naye tangu 2000, na bado wanalia. Sasa ninasema mambo matatu pamoja. Mupimaji asiwe mununuzi. Bei ya kupima ijulikane mbele, na isikule mufuko wa mudogo. Na mwenye hakubali pointi yake akuwe na haki ya kupimisha fasi ingine, bila kulipa mara ya pili kama ilionekana kama alikuwa na haki.

Wandugu, ku depo muombe kuona namba ya mashini kwa macho yenu, muiandike, na mulinganishe na wenzenu wa shimo moja. Ile karatasi ya namba ndiyo sendika inaweza kubeba mbele ya wakubwa. Maneno ya mudomo hayabebeki.

Na wenye wako na Mwana Shaba Junior ao BD zingine za wazee, musifungie nazo karanga. Mugeuze mugongo, musome mwaka. Musitume kitu Ulaya mbele ya kufanya vile. Kijana wetu hakuuzisha. Alibandika kifuniko na gundi, jambo lenye wapimaji wanachukia sana, na mutoto wake, mwenye amerudi ku masomo, anakisoma kila magaribi. Jana alimuuliza baba yake juu ya nini walituchora vile.