Msanii anaimba, kamera inaangalia majani chai

Hii noma ni ya kila mtu anayeshuti video kwa mashamba ya Kericho na Bomet: msanii anaimba, ghafla uso unaingia ukungu, majani nyuma yake yanatoka safi. Na hakuna msanii atakulipa doo ya video ya majani.

Otofokasi inatafuta mahali mwanga na giza vinapishana wazi. Shamba la chai limejaa hiyo. Ukungu wa asubuhi ukishuka, uso ndio unafifia zaidi.

Kwa Sony weka AF-C, kwa Canon washa Movie Servo AF, halafu washa ile ya kutambua uso na macho. Gusa uso kwa skrini ndio iufuate. Kama inahama kila mchumaji akikatiza mbele, ingia menyu upunguze wepesi wa kuhama.

Wenye Canon M50, sikieni. Hiyo kamera ya 2018 ukiiweka 4K inazima Dual Pixel, inabaki kupapasa mbele nyuma kama mtu ametafuta swichi usiku stima zikipotea. Shuti 1080p, otofokasi inarudi poa. Mashabiki wanaangalia kwa simu, nani atajua?

Na hiyo f/1.8 mnaipenda sana. Iko tamu, lakini msanii akiinama kidogo tu ameisha. f/4 inakupea nafasi ya kupumua.

Kabla ya wimbo, mwambie atembee kuja kwako mara mbili ukirekodi, kisha cheki macho yake kwa laptopu. Mvua ya alasiri ikianza, hakuna kurudia.